Nyonga bandia ya mama inaweza kuchomoka?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama ana miaka 76, aliteleza bafuni akavunjika nyonga, kawekewa ya bandia, leo wiki ya tano. Tumeambiwa asiiname, asikunje nne, alale na mto katikati ya mapaja. Sasa jirani naye alibadilishwa nyonga, ila yake ilisagika tu, na anajifunga viatu mwenyewe, basi mama akimwona anasema nimemfunga jela. Jana nimemkuta kwenye sofa kainama anaokota rimoti, nikapiga kelele. Naogopa bure?

JIBU: Marahaba. Huogopi bure, ingawa kununa kwake namwelewa. Kwenye eksirei nyonga hizo mbili zinaweza kufanana kabisa, shida ni mwili zilimowekwa. Iliyosagika huwa imekakamaa miaka, ule mfuko unaozunguka kiungo umeshakuwa mgumu na unabana, wakati mfuko wa mama ulikuwa laini mpaka siku anaanguka kwa hiyo mguu wake unazunguka mbali, halafu ongeza misuli iliyochoka na hatari ya kuanguka tena, na kama ana usahaulifu ndo zaidi maana hata masharti hayakumbuki. Pia huenda jirani alipasuliwa kwa mbele na mama kwa nyuma, upande wa kalio, na masharti yao hayafanani.

Ila usikose usingizi. Utafiti mmoja mkubwa wa 2019, wagonjwa karibu 1,500 waliovunjika shingo ya paja (mfupa wa paja pale juu kwenye nyonga), waliowekewa kichwa cha bandia pamoja na kikombe kinamokaa walipata shida ya kiungo kulegea au kuchomoka asilimia 4.7 kwa miaka 2, waliowekewa kichwa peke yake 2.4. Uliza mama ana ipi.

Sasa hiyo rimoti. Sofa likiwa la chini goti linapanda juu ya nyonga, hapo akiinama huku goti linaingia ndani, kichwa cha bandia kinasukumwa kitoke kwa nyuma. Kwa hiyo mtafutie kiti kirefu chenye mikono, choo nacho kiinuliwe, akitaka kusimama asogee ukingoni, mguu uliopasuliwa autangulize mbele, asukume kwa mikono. Rimoti ifunge kamba kwenye kiti, sitanii.

Ikichomoka mtajua tu: maumivu makali ya ghafla, hawezi kukanyaga, mguu umekuwa mfupi na mara nyingi vidole vimegeukia ndani. Msivute wala msimkande, na msimpe chakula maana atahitaji dawa ya usingizi, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo, mara nyingi hurudishwa bila kupasua. Nyingi huchomoka ndani ya miezi 3 ya mwanzo, kwa hiyo kliniki ya wiki ya sita muulize aliyempasua yapi yalegezwe na yapi yabaki, na mama awepo asikie mwenyewe, wewe hakuamini tena.