Dozi nne za UTI, kumbe ni mshipa wa damu

Juzi msomaji kaniandikia: "Mzee wangu, niko dozi ya tatu ya UTI na usiku bado naamka mara sita." Nikajiona mimi mwenyewe mwaka juzi.

Mimi nilimeza nne. Nilikuwa na miaka 66, presha, na sigara tangu ujana. Mkojo unakuja kidogo kidogo kila saa, kiuno cha kushoto kinauma hadi kinenani. Muuza dawa akaniuliza mbele ya foleni, "Mzee, hii umeitoa wapi?" Swali lile linaniuma hadi leo kuliko upasuaji. Nyumbani nako mama watoto akaninunia wiki nzima. Halafu ikawa tezi dume, vidonge vya miezi mitatu. Na mkojo wenyewe, kila ulipooteshwa maabara, haukuota kijidudu hata kimoja! Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Hata mimi, nakiri.

Daktari mmoja kijana ndiye aliyenilaza akapima figo kwa utrasaundi. La kushoto lilikuwa limevimba, limejaa mkojo. CT-scan ikaonyesha ateri ya nyonga, yaani mshipa mkubwa wa damu, ambayo kwa kawaida upana wake ni kama sentimita 1, imetuna kama puto hadi sentimita 4. Mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo unakatiza juu ya ateri hiyo hiyo, basi ukabanwa, na kibofu nacho kikasukumwa. Sasa antibiotiki ingefanya nini hapo? Puto la ukubwa ule likipasuka, damu inamwagikia tumboni, na wengi hawafiki hospitali. Wakapitishia kinenani bomba la kitambaa lenye waya, likakaa ndani ya ateri, na mrija wa mkojo wakauwekea mpira.

Nyie wa rika langu, sikilizeni. Mkojo ukioteshwa mara mbili usiote kitu, usikubali dozi nyingine. Omba utrasaundi ya figo, na useme wazi kama unavuta sigara na una presha. Ugonjwa wangu ni wa nadra, wengi wenu kweli itakuwa tezi dume, lakini pimeni. Na sigara acheni. Nasema acheni! Mimi niliacha nikiwa kitandani, jambo la aibu.

Duka lile la dawa bado lipo. Dawa za presha nanunua mtaa wa pili.