Futiboli ya Kanada si nakala ya ile ya Marekani: jibu kwa mleta mada anayehamia Regina

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba familia yako inahamia Regina, katika jimbo la Saskatchewan, na kwamba kijana wako, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akifuatilia futiboli ya Marekani kwenye televisheni, anataka kujua kama mchezo atakaoukuta Kanada ni uleule. Mchangiaji aliyenitangulia amekujibu kwamba ni uleule, ila unachezwa na watu walioshindwa kupata nafasi katika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Naomba nitofautiane naye kwa heshima, kwa sababu nimeishi pande zote mbili. Niliujua mchezo huu kwanza nikiwa Minneapolis, Marekani, kisha kazi ikanihamishia Winnipeg, Kanada, ambako wanangu wamecheza katika klabu ya vijana na mimi nimekuwa miongoni mwa wazazi wanaojitolea kushika mnyororo wa kupimia yadi 10 pembeni mwa uwanja. Anayeshika mnyororo ule hugundua mapema kwamba karibu kila tofauti kubwa kati ya michezo hii miwili inatokana na idadi ya majaribio.

Kwa wasioufahamu mchezo, huu si soka: mpira hubebwa na kurushwa kwa mikono, na timu yenye mpira hupewa majaribio kadhaa ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa hupata majaribio mapya, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani palepale ulipoishia. Marekani majaribio ni manne, Kanada ni matatu. Lakini jaribio la mwisho kwa kawaida hutumika kupiga mpira kwa mguu, ama kuupeleka mbali na eneo lako, ama kutafuta pointi 3 kati ya milingoti, kwa hiyo timu ya Marekani ina majaribio matatu ya kweli ya kusogea na timu ya Kanada ina mawili tu. Mkimbiaji akipata yadi 2 katika jaribio la kwanza, kocha wa Minneapolis hana wasiwasi mkubwa, kwa kuwa bado ana nafasi mbili za kutafuta yadi 8 zilizobaki. Kocha wa Winnipeg amebakiwa na moja, na kila mtu uwanjani, wakiwamo mabeki wanaomsubiri, anajua kwamba atarusha mpira. Ndiyo maana timu za Kanada hurusha mpira mara nyingi zaidi, na ndiyo maana mpira hubadilisha mikono upesi kiasi kwamba mtazamaji aliyezoea mashambulizi marefu ya dakika saba au nane ya NFL huhisi kama amekosa kitu.

Mchezo unaomnyima mshambuliaji jaribio moja ungemkaba kabisa kama usingemfidia kwa njia nyingine, na fidia yake ni nafasi. Uwanja wa Marekani una urefu wa yadi 100 kati ya mistari ya magoli na upana wa yadi 53 na theluthi, yaani chini kidogo ya mita 49. Uwanja wa Kanada, kama ulivyokuwa kwa miaka mingi, una yadi 110 kwa 65, upana unaokaribia mita 60, na maeneo ya mwisho, yaani yale yaliyo nyuma ya mistari ya magoli, yenye kina cha yadi 20 badala ya 10. Kila upande una wachezaji 12 badala ya 11, na huyo wa ziada kwa kawaida ni mpokeaji mmoja zaidi katika ushambuliaji na beki mmoja zaidi katika ulinzi. Kisha kuna mwendo. Katika NFL mchezaji mmoja tu anaruhusiwa kuwa anatembea wakati mpira unapoanzishwa, naye haruhusiwi kuelekea mbele. Kanada, washambuliaji wote walio nyuma ya mstari ambapo mpira huanzishwa, isipokuwa kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, wanaweza kukimbia upande wowote, kwa hiyo utaona wapokeaji watatu au wanne wakitoka nyuma kwa kasi kamili na kuufikia mstari sawia na mpira unapoanzishwa. Beki anayemkabili mtu wa namna hiyo lazima aanze kurudi nyuma kabla ya mchezo kuanza. Nimeona vijana waliotoka kucheza Marekani wakihangaika na jambo hili kuliko jingine lolote, kwa sababu miguu yao imefundishwa kusimama.

Halafu kuna yadi moja ambayo wengi huipuuza. Marekani, wachezaji wa mbele wa timu mbili hutenganishwa na urefu wa mpira tu. Kanada, walinzi lazima wasimame yadi nzima kutoka kwenye mpira. Matokeo yake ni kwamba jaribio la tatu likibaki na yadi moja au pungufu, timu nyingi hazipigi mpira kwa mguu bali humwingiza kwotabeki maalumu kwa kazi hiyo, mara nyingi kijana mwenye mwili mkubwa, naye hujisukuma nyuma ya wenzake na kuipata yadi yake kabla walinzi hawajafika. Kwa mtazamo wangu hapa ndipo mchezo wa Kanada unapoonyesha akili yake, kwa kuwa kanuni iliyochukua jaribio la nne inarudisha sehemu yake kwa mkono mwingine, lakini kwa yule tu aliyekwisha kufanya kazi ya kuzipata yadi tisa kwa majaribio mawili.

Upigaji wa mpira kwa mguu nao unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiko mgeni hupotelea. Marekani, anayeupokea mpira uliopigwa anaweza kuinua mkono na kuomba aachwe audake bila kuguswa, na mchezo unaishia hapo. Kanada ruhusa hiyo haipo. Wapinzani wanatakiwa kumpa umbali wa yadi 5 hadi aguse mpira, wakimsogelea mapema wanaadhibiwa, na baada ya hapo ni lazima acheze. Kwa hiyo karibu kila pigo huzaa mbio. Aliyepiga mpira, pamoja na yeyote aliyekuwa nyuma yake wakati wa kupiga, anaweza kuukimbilia na kuuchukua mwenyewe, jambo ambalo Marekani halipo. Na mpira ukipigwa hadi eneo la mwisho, mpokeaji akashindwa kuutoa, timu iliyopiga hupata pointi moja iitwayo ruji. Mechi ikiwa sare na sekunde zimekwisha, timu yenye mpira inaweza kushinda kwa pigo moja refu tu, na hapo ndipo utakapomwona mpokeaji, badala ya kukimbia, akiupiga mpira kwa mguu kurudi uwanjani ili kuiokoa timu yake. Watu wa NFL huicheka pointi hii wakisema ni zawadi kwa aliyeshindwa. Mimi naiona kuwa ni malipo ya kuusogeza mpira karibu kiasi cha kumbana mpinzani katika kona yake.

Huko Regina mtasimuliwa fainali ya mwaka 2009 ya Kombe la Grey, yaani kombe la ubingwa wa CFL, ligi ya kulipwa ya Kanada, hata msipoiulizia. Saskatchewan Roughriders, timu ya Regina, walikuwa wakiongoza 27 kwa 25 dhidi ya Montréal Alouettes, na mpigaji wa Montréal akakosa mkwaju wa mwisho. Wachezaji wa Saskatchewan walianza kushangilia, kumbe waamuzi walikuwa wamehesabu watu 13 upande wao. Adhabu ilikuwa yadi 10, mkwaju ukarudiwa kutoka karibu zaidi, na Montréal wakashinda 28 kwa 27. Kidonda hicho kilibaki wazi kwa muda mrefu, ingawa timu hiyo imetwaa kombe mwaka 2013 na tena mwaka 2025, mara hii ya pili ikiwafunga Montréal haohao.

Sasa nirudi kwenye hoja ya nakala. Historia inaikataa. Mwezi Mei mwaka 1874 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill kutoka Montréal walisafiri hadi Cambridge, Massachusetts, kucheza na Chuo Kikuu cha Harvard. Harvard walikuwa na kanuni zao, McGill walicheza kwa kanuni za raga, wakakubaliana kucheza mechi moja kwa kanuni za wenyeji na nyingine kwa kanuni za wageni. Harvard walivutiwa na mchezo wa wageni, na kutoka hapo raga ikaenea katika vyuo vya Marekani, ambako Walter Camp, mchezaji na kocha wa Chuo Kikuu cha Yale, na wenzake waliigeuza hatua kwa hatua. Majaribio matatu yalikuwa kanuni ya Marekani pia, hadi jaribio la nne lilipoongezwa mwaka 1912. Kanada waliweka kanuni ya yadi 10 kwa majaribio matatu na wachezaji 12 mwaka 1903, katika chama cha raga cha Ontario, kwa mapendekezo ya John Thrift Meldrum Burnside, nahodha wa timu ya Chuo Kikuu cha Toronto, wakabaki nayo. Katika suala la majaribio, basi, aliyebadilika ni Mmarekani. Ni kweli kwamba Kanada ilichukua kutoka kusini pia, hasa pasi ya mbele, ambayo Marekani iliihalalisha mwaka 1906 na Kanada ikachelewa kwa zaidi ya miaka 20. Lakini michezo iliyokopeshana kwa karne moja na nusu haiwezi kuitwa mmoja asili na mwingine kivuli.

Kuhusu wachezaji walioshindwa, siwezi kukana kwamba fedha zimelala upande mmoja. Mwaka 2024 kila timu ya NFL iliruhusiwa kutumia zaidi ya dola milioni 250 kwa mishahara, huku timu za CFL zikizungumzia milioni tano na nusu au sita za Kanada. Kijana wa Kimarekani mwenye nafasi pande zote mbili atabaki kwao. Lakini fikiria habari za Warren Moon. Alitoka Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1978 akiwa kwotabeki bora, na hakuna timu ya NFL iliyomchagua, katika enzi ambayo makwotabeki weusi walishinikizwa kubadili nafasi. Alikwenda Edmonton, akatwaa Kombe la Grey mara tano mfululizo, kisha akahamia Houston katika NFL mwaka 1984 na hatimaye akaingizwa katika majumba ya heshima ya mataifa yote mawili. Doug Flutie, aliyedharauliwa kwa ufupi wake, alirusha zaidi ya yadi 6,600 katika msimu wa 1991 akiwa na BC Lions, idadi ambayo hakuna aliyeifikia hadi leo katika ligi yoyote kati ya hizi mbili. Hawa walikataliwa na macho ya waajiri tu, na uwanja mpana ukawapa mahali pa kuthibitisha hilo.

Kuna pia kanuni ya kulinda wachezaji wa Kanada, inayoitaka kila timu ianze mechi ikiwa na idadi maalumu ya wazalendo. Henoc Muamba alizaliwa Kinshasa, akakulia karibu na Toronto, akacheza Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier, akachaguliwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa CFL wa 2011, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa fainali Toronto Argonauts walipowafunga Winnipeg kwa pointi moja, 24 kwa 23. Mimi ni shabiki wa Winnipeg na matokeo yale yaliniuma, lakini katika jumuiya yetu ya Wakongo na Waafrika Mashariki hapa mjini nilisikia wazazi wengi wakilitaja jina lake mbele ya watoto wao, na walikuwa na haki.

Kijana wako ajue kwamba anafika wakati wa mabadiliko. Septemba 2025 uongozi wa CFL ulitangaza kwamba kuanzia 2026 ruji haitatolewa tena kwa mkwaju uliokosa na kutoka nje, wala kwa pigo lililopita eneo la mwisho moja kwa moja, na kwamba kuanzia 2027 uwanja utafupishwa hadi yadi 100, maeneo ya mwisho yatakuwa na yadi 15, na milingoti itaondolewa kwenye mstari wa goli na kupelekwa nyuma, kama ilivyofanya NFL mwaka 1974. Sehemu ya kwanza naikubali kwa shingo upande. Kufupisha uwanja sikubaliani nako, kwani sababu ya msingi ya urefu ule ilikuwa kumfidia mshambuliaji, na sababu hiyo haijaondoka. Linalonifariji ni kwamba majaribio matatu, wachezaji 12, upana wa yadi 65 na uhuru wa kukimbia kabla ya mpira kuanzishwa havikuguswa.

Kwa upande wa vitendo, shule za British Columbia hucheza kwa kanuni za Marekani, lakini Saskatchewan wanacheza kwa kanuni za Kanada, na katika miji midogo ya jimbo hilo utakuta shule zinazochezesha watu sita au tisa kila upande kwa uchache wa wanafunzi. Vyuo vikuu vya Kanada hushindania Kombe la Vanier kwa kanuni hizihizi. Kama kijana ana mbio na mikono mizuri, aombe kujaribiwa kama mpokeaji, na majira ya baridi yote ajizoeze kuufikia mstari kwa kasi bila kuuvuka kabla ya mpira kuanzishwa, kwa sababu hilo ndilo kocha wa Kanada atakaloliangalia kwanza. Kama anapenda kulinda, ajifunze kurudi nyuma haraka huku macho yakiwa kwa mpokeaji. Mazoezi ya vijana huanza mwishoni mwa kiangazi, kwa hiyo mkifika kabla ya Agosti ulizeni shuleni mara moja, msisubiri masomo yaanze.