Mafunzo ya afya ya akili kwa walimu yawe ya lazima
Ndugu, unapinga walimu wote kulazimika kupata mafunzo ya afya ya akili kwa kuwa wamelemewa na vipindi; ni kweli wamelemewa, lakini hilo haliondoi ulazima wa mafunzo haya. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, mtoto akiwa bado darasani. Mwanafunzi aliyekuwa akinyoosha mkono kila swali, kisha akaanza kulalia dawati na kuacha kukusanya daftari, mara nyingi huitwa mvivu na kuchapwa, ilhali huenda ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu. Hatumtaki mwalimu awe daktari. Tunataka atambue dalili, amsikilize mtoto faraghani na ajue ampeleke wapi. Mwalimu mmoja wa ushauri nasaha, mwenye vipindi vyake kamili, hawezi kuihudumia shule nzima.