Muulize Mjomba: Shemeji na Pink Floyd yake

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Igoma. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaendesha lori la mizigo kati ya Mwanza na Bukoba, na kila akilala kwetu tunabishana kuhusu Pink Floyd, ile bendi ya roki ya Uingereza, mpaka mke wangu anakuja kutuzimia taa ya sebuleni. Yeye anasema albamu yao The Dark Side of the Moon ya 1973 haina mpinzani, maana ilikaa kwenye chati za Marekani miaka na miaka. Mimi nasema Wish You Were Here ya 1975 ndiyo kazi yao kubwa, ila nikiulizwa kwa nini naishia kusema "ina hisia", naye anacheka mpaka anashika tumbo. Tuamulie. Mwalimu, Igoma.

JIBU: Marahaba mwalimu. Shemeji ana haki ya kucheka. "Ina hisia" husemwa na mtu aliyeishiwa maneno, na wewe kazi yako ni maneno.

Lakini na yeye asitambe. Ni kweli Dark Side ilihesabiwa wiki 741 kwenye chati ya albamu 200 za Billboard kati ya 1973 na 1988, yaani zaidi ya miaka 14 ukizijumlisha. Hilo hakuna wa kulipinga. Ila wingi wa mauzo unakwambia kitu kimependwa na wangapi, haukwambii kimependwa kiasi gani. Sangara ndiye anayesafirishwa Ulaya, sawa. Nenda Mwaloni Kirumba jioni uwaulize wanaomuuza wakirudi nyumbani wanakaangiwa samaki gani. Wengi watakutajia sato. Kwa hiyo chati tuiweke kando, tusikilize muziki.

Mimi nilizijua albamu hizi kwa kanda. Natengeneza redio na spika Makoroboi tangu enzi ambazo kanda ya dakika 90 ilikuwa mali. Dark Side ina kama dakika 43, Wish ina kama 44, na upande mmoja wa kanda ile ni dakika 45. Basi jamaa aliyenirekodia alizipanga zote mbili humo humo: upande wa A Dark Side, upande wa B Wish, zikaenea bila kubanana. Kanda hiyo ndiyo nilikuwa najaribia redio nikishazifunga, na wateja wakawa wanasikiliza huku wakisubiri. Nimewaona wengi sana wakisikia roki hii ndefu kwa mara ya kwanza, wengine hawajui hata Kiingereza, na walichokifanya ndicho kilichonipa msimamo nilionao.

Upande wa A ulikuwa unawakamata watu shingoni. Mtu amekaa kwenye benchi anasinzia, ghafla saa zote za duniani zinalia kwa mpigo, mwanzo wa wimbo Time. Anaruka. Saa hizo zilirekodiwa na Alan Parsons, fundi mitambo wa studio ya Abbey Road, London, dukani kwa muuza saa za kale. Halafu inakuja Money na mlio wake wa sarafu, karatasi inayochanwa na mashine ya kaunta ya duka. Siku hizo hakuna kompyuta ya kukupangia. Walikata vipande vya utepe, wakavipima kwa rula, wakaviunganisha viwe duara, ili kila mlio uangukie mahali pake. Na mapigo yenyewe ni saba! Jaribu kuhesabu: moja mpaka saba, unarudi moja. Wateja wangu waliokulia kwenye dansi walikuwa wanaanza kutikisa kichwa, kidogo kichwa kinapotea njia. Saksafoni ya Dick Parry inapita humo humo kwenye saba. Kisha gitaa la David Gilmour linaingia, mapigo yanageuka kuwa manne, na hapo benchi zima linatulia kwa raha, maana ni kama bendi ya Kikongo imefungua sebene.

Na kuna ule wimbo usio na maneno, The Great Gig in the Sky, mwanamke analia na kupanda na kushuka kwa sauti tu. Jirani yangu pale kibarazani ni mama wa cherehani. Siku moja alisimamisha cherehani, akaniuliza, "Baba, huyo dada kafiwa na nani?" Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu wimbo ule. Kumbe ulianza kama kipande cha kinanda cha Richard Wright kuhusu kifo, na Clare Torry, binti wa miaka 25, aliitwa studio Jumapili moja ya Januari 1973, akaambiwa atoe sauti bila maneno. Alilipwa pauni 30. Akaondoka akidhani ameharibu na hawataitumia. Mwaka 2004 alidai haki yake ya utunzi, 2005 wakamalizana nje ya mahakama, na sasa jina lake linaandikwa pamoja na la Wright. Kuchelewa ni kwingi, lakini alipata.

Sasa mwalimu, kwa nini upande wa A umekaa sawa namna ile, hakuna pa kupenyeza wembe? Kwa sababu walikuwa wanaupiga jukwaani tangu Januari 1972, zaidi ya mwaka mzima kabla haujatoka. Walipokuwa studio kila mmoja alishajua anasimama wapi. Kwa ufundi, Dark Side inaishinda Wish, na hapo mpe shemeji mkono wake kwa moyo mweupe.

Tuje kwako. Upande wa B wateja walikuwa hawaruki. Kwanza walidhani redio haijapona. Shine On You Crazy Diamond inaanza na sauti kama ya upepo wa mbali: vinanda, na glasi za mvinyo zilizosuguliwa ukingoni kwa kidole, mabaki ya mpango wao wa kutengeneza albamu nzima kwa vyombo vya nyumbani, mpango ambao waliuacha. Halafu gitaa linapiga noti nne. Nne tu. Linakaa kimya, linazirudia. Mtu wa kwanza kuimba anasikika baada ya zaidi ya dakika nane! Kwenye redio zetu hizi, dakika nane ni nyimbo mbili na tangazo la sabuni.

Hoja yako, mwalimu, ni hizo dakika nane. Wimbo unamhusu Syd Barrett, aliyekuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi mkuu wa bendi walipoanza, akili ikamchoka, akatoka kundini 1968. Wenzake wangeweza kutuambia mapema kwamba wamemkumbuka. Badala yake wanakuweka umngoje mtu ambaye hutaambiwa ni nani, mpaka mwimbaji anapofungua kinywa umeshamkosa na wewe. Dark Side inazungumzia muda, pesa, kifo na kichaa, mambo ya kila mwanadamu, kwa hiyo kila mwanadamu anaingia. Wish ina pengo la mtu mmoja, na kila kitu kimepangwa kulizunguka. Hata Shine On yenyewe waliipasua vipande viwili, sehemu tano zikafungua albamu, nne zikaifunga, nyimbo nyingine tatu katikati.

Tarehe 5 Juni 1975 wakiwa Abbey Road wanashughulikia wimbo huo huo, aliingia studio mtu mnene, kichwa kimenyolewa, nyusi nazo zimenyolewa, mkononi ana mfuko wa plastiki. Hawakumtambua. Watu waliokua naye, waliopiga naye muziki, walimtazama kama mgeni aliyepotea mlango, mpaka mmoja wao akang'amua ni Syd. Roger Waters, mpiga besi wao, alitokwa na machozi. Nikiusikiliza wimbo nikijua hilo, siwezi kuusikia kama zamani. Lakini naapa, mama wa cherehani alikuwa haujui mkasa huo, na bado siku nilipogeuza kanda kabla haujaisha alinigombeza.

Ndiyo maana nachagua Wish. Si kwamba haina madoa. Welcome to the Machine huwa naona mitambo imewazidi watu, na kama ningekuwa nayo kwenye santuri ningeinua sindano. Albamu nzima ina nyimbo tano, moja ikikuchosha unaiona hasara. Dark Side haina hasara hiyo. Hata hivyo nikifunga duka, yule ninayeondoka naye kichwani ni gitaa la noti nne.

Ila kuna jambo moja nataka umtendee haki shemeji. Kwenye kabini ya lori, na injini ile inavyonguruma kupanda milima ya Kagera, atasikia nini kwenye glasi na kinanda? Hasikii kitu. Anasubiri, anachoka, anarudisha Money, na Money inapasua injini kama haipo. Mtu hawezi kupenda alichokuwa hakisikii. Akilala kwenu tena, subirini watoto walale, mpe spika za masikio zile za kufunika sikio lote, mwambie anyamaze nusu saa. Akiisikia yote bado akasema Dark Side, basi hiyo ni rai yake, na mjadala uishe kabla mama watoto hajafika kwenye swichi.

SWALI: Mjomba shikamoo. Niko Nansio, Ukerewe. Nasikiliza Dark Side kwenye simu, lakini wimbo ukiisha kunakatika kidogo ndipo mwingine unaanza, na mara nyingine zinakuja bila mpangilio. Ni simu au ndivyo ilivyo?

JIBU: Marahaba. Ni simu. Zima kwanza alama ya kuchanganya nyimbo, kisha tafuta kwenye mipangilio ya programu yako pale panaporuhusu nyimbo kupokezana bila mwanya. Kwenye santuri palikuwa na mkato mmoja tu, baada ya The Great Gig in the Sky, kwa sababu ilibidi ugeuze sahani ndipo Money ianze. Kwenye kanda yangu mkato huo unasikika, pamoja na kikohozi cha aliyekuwa akinirekodia.

SWALI: Mjomba, kwenye Have a Cigar, wimbo wa albamu ya Wish, mbona sauti si ya Waters wala Gilmour? Mdogo wako, Pasiansi.

JIBU: Ni Roy Harper, hakuwa mwanabendi. Alikuwa anarekodi kazi yake humo humo Abbey Road. Waters sauti ilimshinda, Gilmour hakutaka kuuimba, wakamwita jirani.

SWALI: Ile picha ya jalada la Wish, wanaume wawili wanapeana mkono na mmoja anaungua moto, waliichora? Kijana wa Buzuruga.

JIBU: Hawakuichora, kijana wangu. Ni moto wa kweli. Ilipigwa kwenye viwanja vya studio za Warner Bros., Burbank, California, na kampuni ya Hipgnosis, wale wale wa jalada la Dark Side lenye pembetatu na upinde wa mvua. Anayeungua ni Ronnie Rondell, mtu wa kuigiza hatari kwenye filamu. Ndani ya suti alivaa nguo ya kuzuia moto, na kichwani kinga iliyofunikwa nywele bandia. Tatizo likawa upepo: ulikuwa unaupeleka moto usoni, ukamchoma masharubu. Ikabidi yeye na mwenzake wabadilishane upande, na picha ikaja kugeuzwa kushoto kulia wakati wa kutengeneza jalada.