Pointi 6 za PIP

Pole, dada, kwa kunyimwa PIP, yaani malipo ya serikali kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, kwa sababu umepata pointi 6 tu. Kupewa pointi 2 tu za jikoni eti "anapika mwenyewe", wakati sufuria inakuponyoka mkononi, kunaudhi kweli. Lakini hapa Uingereza PIP haiulizi tu kama unaweza. Inauliza kama unaweza kwa usalama, kwa kiwango kinachofaa, kila inapohitajika, na bila kuchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa kawaida. Ukihitaji mtu wa kukusimamia au kukusaidia kupika, ni pointi 4. Hizo 2 zikiwa 4, jumla yako ya 6 inakuwa 8, na hapo unalipwa! Omba uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya barua, na uitishe ripoti ya mkaguzi. Sisi tumelelewa kusema "sijambo" hata tukiumwa. Safari hii andika umeungua lini, na nani alikuwepo.