Meli Zimepungua, Uwezo wa Kuvua Umebaki

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya umewalipa wenye meli za uvuvi ili waziondoe baharini, kwa kuwa zilizidi samaki waliopo. Ikiwa meli zimepungua, mbona bado inasemekana uwezo wa kuvua ni mkubwa mno?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo limo katika kipimo chenyewe. Ulaya hupima uwezo wa meli kwa ujazo wake na kwa kilowati za injini. Haipimi sona inayoonyesha kundi la samaki lilipo, wala jipiesi inayomrudisha nahodha pale pale alipopata samaki juzi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba zana hizo huongeza uwezo wa kuvua kwa asilimia 2 hadi 4 kila mwaka. Tukichukua asilimia 3, meli 100 zitakuwa, baada ya miaka 10, zikivua kama meli 134 za mwanzo, ingawa kwenye daftari la serikali hakuna kilichobadilika. Anayeondoa asilimia 2 ya meli kwa mwaka, basi, anarudi nyuma. Isitoshe, mwenye meli akilipwa aondoe moja, hutoa ile chakavu iliyokuwa ikivua kidogo. La kustaajabisha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba hadi mwaka 2004 ruzuku ya Ulaya ililipia kuvunja meli na pia kujenga mpya.

Tangu mwaka 2003 meli mpya haiingii mpaka nyingine yenye ukubwa huo itoke, lakini kipimo ni kile kile, na mwaka 2011 wakaguzi wa hesabu wa Umoja huo waliandika kwamba hatua za kupunguza uwezo uliozidi hazijafaulu.

Katika Bahari yetu ya Hindi, ambako meli za Ulaya huvua jodari kwa nyavu za kuzungushia, imejaribiwa njia nyingine. Chelezo zinazovutia samaki hufungiwa maboya yenye sona, ambayo hutuma kwa setilaiti makadirio ya samaki walio chini yake, na nahodha huchagua kwenye skrini aelekee lipi. Tume ya jodari yenye makao yake Ushelisheli iliweka ukomo wa maboya 550 kwa kila meli mwaka 2015, kisha ikaushusha hadi 300 mwaka 2019. Kuwekea ukomo zana yenyewe ni afadhali kuliko kupima ukubwa wa meli peke yake, ila maboya 300 yenye sona bora zaidi huenda yakafanya kazi ya yale 550, kwa hiyo idadi hiyo haina budi kupitiwa upya kila zana zinapobadilika.