Kutoka Boxer cc 150 kwenda cc 600: pitia kwanza cc 250 hadi 400, hasa kwa sisi tunaoishi milimani

Usiinunue hiyo R6, mdogo wangu. Umeandika kwamba una miaka kadhaa ukiendesha Boxer cc 150 kati ya Makambako na Njombe, kwamba kuna mtu Dar es Salaam anakuuzia Yamaha R6 ya cc 600 iliyotumika Japani, na kwamba unakusudia kuipanda mwenyewe hadi nyumbani ili uokoe gharama ya kuisafirisha. Halafu ukauliza kama bei ni ya haki, kama vipuri vinapatikana Mbeya, inatumia oili ya aina gani, na kama leseni yako inatosha. Katika maswali yote hayo hukuuliza linalokuhusu wewe mwenyewe, yaani kama mikono na miguu iliyofunzwa na Boxer itaweza kuisimamisha pikipiki hiyo kwenye mteremko. Mimi nilivuka hivyo hivyo, kutoka cc 150 hadi cc 600 ya silinda nne bila kituo katikati, na nikaishia na mtulinga uliovunjika na pikipiki iliyouzwa vipande vipande kwenye gereji.

Unasema muuzaji amekuambia kwamba pikipiki ni pikipiki, ukimudu moja umezimudu zote, na kwamba nguvu huitumii mpaka uitake. Dalali aliyeniuzia mimi alisema maneno hayo hayo, na hadi leo nikiyasikia damu inachemka. Mtu yule hakuwahi kushuka mlima wowote na pikipiki aliyokuwa akiisifia. Aliiwasha, akaipigisha kelele mbili tatu mbele ya duka, akanionyesha kashata za tairi, yaani meno yake, kwamba bado ni ndefu, akahesabu fedha zake. Hakuuliza naishi wapi, naendesha nini, wala barabara ya kwetu ikoje. Anayeuza kitu chenye uwezo wa kuua ana wajibu wa kuuliza maswali hayo.

Nianze na nguvu yenyewe. Boxer yako ina nguvu farasi zipatazo 12, na R6 ina karibu 120. Hizo ni mara kumi, ilhali uzito haufiki hata mara mbili. Gia ya kwanza ya R6 peke yake inavuka kilometa 100 kwa saa. Sasa fikiria mkono wako wa kulia umezoea nini. Ukipanda na abiria na mzigo kutoka Uyole kuelekea Isyonje, eksileta ya Boxer unaizungusha mpaka mwisho, unaishikilia hapo, kisha unasubiri. Miaka yote hiyo mkono umejifunza kwamba kuzungusha mpaka mwisho hakuna madhara. Mazoea hayo hayaondoki kwa sababu umebadilisha kadi ya pikipiki. Na injini za namna hii zina hadaa yake: chini ya mizunguko 7,000 au 8,000 kwa dakika zinakwenda kwa upole kabisa, kiasi kwamba utazunguka Mwanjelwa na Kabwe ukiamini kwamba umeshaizoea, mpaka siku utakayochelewa kubadilisha gia wakati wa kuovateki lori na nguvu yote ikaja kwa mkupuo.

Hata hivyo, kilichoniangusha mimi hakikuwa nguvu. Kilichoniangusha ni breki, na hapa nakuomba usome polepole.

Sisi tuliojifunzia barabara za vumbi tulifundishwa jambo moja na kila aliyetutangulia: usiguse breki ya mbele, utapinduka. Kwenye mchanga, kwenye matope na kwenye kokoto, ushauri huo una maana yake, kwa kuwa gurudumu la mbele likifunga hapo limekwisha kuteleza. Isitoshe, Boxer nyingi zina breki ya ngoma mbele, ambayo hata ukiivuta kwa nguvu haifanyi makubwa. Matokeo yake ni kwamba dereva wa kwetu anaendesha maisha yake yote kwa mguu wa kulia, na vidole vya mkono wa kulia havijui kazi nyingine zaidi ya kuvuta mafuta. Kwenye lami mambo ni kinyume. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito mwingi unahamia mbele, tairi la mbele linakandamizwa chini na la nyuma linakuwa jepesi. Sehemu kubwa ya kusimama inafanywa na gurudumu la mbele, na kadiri unavyofunga breki kwa nguvu ndivyo la nyuma linavyobaki bila kazi. Ukiikanyaga ya mguu peke yake kwenye pikipiki kubwa iliyo kwenye mwendo, gurudumu la nyuma linafunga, linaanza kuteleza upande, na bado hujapunguza mwendo wa maana.

Nilikuwa nateremka kutoka Isyonje kuelekea Kiwira asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka na lami ikiwa imelowa, hali ambayo kila mtu wa Rungwe anaijua. Lori la viazi lilikuwa limetoka kwenye njia ya shambani likaacha matope ya magurudumu yake kwenye lami, mistari miwili myekundu iliyokata kona ninayoijua vizuri. Mwendo wangu haukuwa wa kutisha, lakini ulikuwa mkubwa kuliko ule ambao Boxer ingekuwa nao mahali pale, kwa sababu pikipiki kubwa haikuambii kwamba unakwenda kasi. Haitetemeki na hailalamiki. Nilipoyaona matope, mguu ulikanyaga kabla sijafikiri. Nyuma ikafunga na kuanza kupita upande wa kushoto. Ndipo hofu iliponifanya niivute breki ya mbele yote kwa mara moja, mkono mzima, breki za diski mbili zenye nguvu ambazo sikuwahi kuzizoea. Uzito ulikuwa haujapata nafasi ya kuhamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele nalo likafunga, na mpini ukajikunja kana kwamba mtu ameuchomoa. Nilianguka juu ya bega la kulia. Dereva aliyekuwa nyuma yangu alikuwa mbali, nami namshukuru Mungu kwa hilo kila nipitapo pale.

Fundi aliyeikagua baadaye alinionyesha kitu ambacho dalali alikificha, au hakukijua, na sioni tofauti kubwa kati ya hayo mawili. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kisanduku kidogo: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi zangu zilikuwa na kashata nzuri, lakini mpira ulishazeeka na kukauka hadi ukucha haukuweza kuingia. Pikipiki nyingi zinazoletwa zilikaa muda mrefu bila kutembea, na mpira huzeeka hata ukiwa umesimama. Kwenye baridi yetu ya asubuhi, Njombe na Makete ndiyo usiseme, mpira mkavu haushiki lami iliyolowa.

Ndiyo maana nakusisitiza hili moja: kati ya cc 150 na cc 600 pita kwenye pikipiki ya cc 250 hadi 400, yenye breki ya diski mbele na ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisifunge unapovuta breki, kama fedha inaruhusu, na ukae nayo msimu mmoja mzima wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, kabla hujafikiria nyingine. Msimu wa kiangazi hautoshi, kwa sababu wakati wa kiangazi kila mtu ni dereva mzuri.

Usidhani ni woga wangu mimi. Huko Japani zinakotoka pikipiki hizo, leseni ya kawaida inaishia cc 400, na anayetaka kubwa zaidi ya hapo anafanya mtihani mwingine. Honda CB400 Super Four, ambayo ilikuwa na nguvu farasi zipatazo 53 tu, ilitumika miaka mingi kuwafundishia wanafunzi wao wa udereva, na uzito wake haupishani sana na wa R6 unayoitamani. Yaani wanamzoesha mtu uzito na breki kwanza, nguvu inakuja baadaye. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina daraja la A2 lenye ukomo wa kilowati 35, karibu nguvu farasi 47, na dereva anatakiwa awe nalo miaka miwili ndipo aruhusiwe pikipiki isiyo na ukomo kwa njia hiyo. Walioweka sheria hizo hawakuwa na sababu ya kutubania starehe.

Utaniambia kwamba pikipiki ya kati utaichoka upesi na utapata hasara ukiiuza. Hasara hiyo naijua, na ni ndogo kuliko bei ya shokapu za mbele zilizopinda na mabodi ya plastiki yaliyopasuka, achilia mbali miezi ya kukaa nyumbani bila kipato huku mkono umefungwa shingoni. KTM 390 Duke ina nguvu farasi 44 hivi, zaidi ya mara tatu ya ulizo nazo leo. Ukiipandisha barabara ya Mbeya hadi Chunya, ile inayopita juu ya mita 2,400, utaona kwamba huna haraka ya kuchoka.

Ukishaipata hiyo ya kati, tafuta kipande cha lami kilichonyooka na kisicho na watu. Nenda kilometa 40 kwa saa, kisha ivute breki ya mbele kwa hatua mbili: kwanza igusie mpaka uhisi mbele inashuka, ndipo uongeze nguvu, na mguu ufuate kwa kusindikiza tu. Rudia hadi vidole vifanye hivyo bila kuamriwa. Kumbuka kwamba umbali wa breki hauongezeki sawasawa na mwendo. Ukitoka kilometa 50 kwenda 100 kwa saa, umbali wa kusimama tangu breki ziliposhika unakuwa mara nne. Na kama pikipiki yako ya sasa ni ya zile ambazo gia zote zinakanyagwa kwenda chini, jihadhari sana, kwa kuwa kubwa nyingi zina moja chini na zilizobaki juu. Mguu uliozoea kukanyaga ili kuongeza gia utakanyaga hivyo hivyo ukiwa kwenye mwendo, injini itavuta ghafla na gurudumu la nyuma litafunga katikati ya kona.

Kuhusu mpango wako wa kuiendesha kutoka Dar es Salaam, huo ndio ulionifanya niandike yote haya. Ni zaidi ya kilometa 600 kufika Makambako, siku ya kwanza juu ya pikipiki usiyoijua. Utavuka Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa zipatazo 50 huku wanyama wakikatiza barabara, kisha utaupanda mlima Kitonga ukiwa umeshachoka, malori yakipanda kwa kutambaa na mengine yakishuka upande wa pili, na kwenye kona kuna dizeli iliyomwagika ambayo huioni mpaka uko juu yake. Mahali pale hapafai kuwa shule ya mtu yeyote.

Kama umeshatoa advansi, usiione kama fedha iliyokwisha kukuamulia. Mwambie muuzaji unaihamishia kwenye pikipiki ya cc 250 au 400 aliyonayo, na wauzaji wengi hukubali kuliko kumpoteza mteja. Akikataa, ni heri upoteze hiyo advansi. Na yoyote utakayonunua, ipakie kwenye lori linalorudi Mbeya, ifungwe vizuri, uipokee Makambako. Gharama hiyo unayotaka kuiokoa ndiyo ya bei rahisi kuliko zote utakazolipa.